Tulimwita Mnyamavu

Alhamisi, Julai 1996

Manyunyu tangu asubuhi, na ile baridi ya Julai inayofanya Thika nzima ivae sweta mbili mbili. Leo sikwenda kiwandani. Nilimwambia msimamizi nina mtoto mgonjwa, na kwa mara ya kwanza sikuwa namdanganya.

Wambui hasikii.

Basi, nimeandika. Nilidhani kalamu itagoma.

Tulikuwa kwenye kituo cha kupima watoto. Mwalimu anayepima masikio alisimama nyuma yake akapiga kigoma, na Wambui akaendelea kupanga vifuniko vya soda sakafuni. Akapiga kwa nguvu. Mimi niliruka. Mtoto hakuruka. Halafu akavishwa vile vyombo vya masikioni vyenye waya, mashine ikapandishwa sauti mpaka mwisho, na mwalimu akaandika kwa muda mrefu bila kuniangalia.

Baadaye walikaa watu watatu na mimi: huyo mwalimu, nesi wa kliniki, na mama anayefundisha darasa la viziwi wadogo kule Ruiru. Faili ni moja, wote wanaandika humo humo. Sijazoea. Nimezungushwa ofisi nyingi maishani, lakini sijaona watu watatu wakiongea juu ya mtoto mmoja bila kunituma kwa mwingine na karatasi.

Nesi aliuliza kama mtoto amewahi kuugua sana. Nikamwambia ndiyo, homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi minane, tukalazwa wiki mbili. Akafunga macho kidogo. Akasema mtoto akipona homa hiyo anafaa kupimwa masikio kabla hajatoka wodini. Sisi tulipewa dawa na kuambiwa tumshukuru Mungu. Kliniki nayo ilimpima kilo kila mwezi, ikaandika anaendelea vizuri. Wodi haikuiambia kliniki, na kliniki haikuuliza.

Ningependa kuishia hapo, niwalaumu hao. Lakini hiki ni kitabu changu, na mficha maradhi kifo humfichua.

Mimi nilijua.

Kabla ya homa, Wambui alikuwa anapiga kelele kama kuku aliyetaga. Baada ya homa akanyamaza. Sasa, kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, na mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Maitu, yaani mama, ni mwanamke anayeweza kumaliza siku nzima kwa salamu mbili na kukohoa. Kwa hivyo kila mtu alifurahi. Walisema jina sasa limemkaa. Kamau, mume wangu, alikuwa akirudi kutoka kwenye machimbo ya mawe anamwinua juu na kusema, "Huyu ni mamangu mzima mzima! Hata ukimtukana hajibu!" Tukacheka. Nami nilicheka.

Mtoto alikuwa kiziwi, na sisi tulimpongeza kwa adabu.

Siku moja, alipokaribia mwaka, kifuniko cha sufuria kiliniponyoka nyuma yake. Hakugeuka. Nikakiokota, nikakiangusha tena makusudi. Hakugeuka. Nikakiosha, nikakirudisha kabatini, na sikumwambia mtu yeyote.

Ningesema nini? Kwamba wajina wa Maitu ana kasoro? Mtoto huyo si wangu tu, ni Maitu mwenyewe amezaliwa tena. Nikisema ameharibika, ni nani nimesema ameharibika? Na mashangazi wa Kamau wangeuliza ugonjwa huo umetoka upande gani. Niliita woga wangu heshima. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Ni mwalimu wa Sunday school aliyeniambia mwezi uliopita, kwa upole, "Mama Wambui, huyu mtoto anaimba kwa kuangalia midomo ya wenzake." Nililia njia yote mpaka nyumbani.

Leo nikauliza kama tumechelewa. Mwalimu wa kituo hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema miaka ya kwanza ndiyo mtoto anashika lugha bila kufundishwa, na hiyo imeenda. Kuongea kwa mdomo huenda kukawa kugumu. Lugha ya alama atashika, lakini kwa sharti moja: anayeshinda naye mchana aende naye darasani Ruiru kila Jumatatu, ajifunze pamoja naye. La sivyo, mtoto atapata lugha darasani na kurudi nyumbani hana wa kuongea naye.

Anayeshinda naye mchana ni Maitu.

Kwa hivyo tukapitia Kalimoni, nyumbani kwake. Maitu alikuwa jikoni akichagua njahi, yale maharagwe meusi, kwenye ungo, na Wambui akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti chake kidogo kando ya magoti yake. Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanitoka. Nikasema tu, "Maitu, mtoto hasikii. Wamempima."

Hakuacha kuchagua. Alitoa kijiwe kimoja, akatoa kingine.

Halafu akasema, "Nilijua."

Nikafikiri sijasikia vizuri.

"Tangu akiwa ananyonya. Nilikuwa namuita nikiwa huko nyuma yake, hageuki. Nikasema nikiongea, wewe utasema ni jina langu limeharibu mtoto wako. Nikanyamaza."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Nilikasirika. Nataka niandike ukweli, nilikasirika sana, na sikujua namkasirikia nani. Wanawake wawili tunampenda mtoto mmoja, tunapika jiko moja kila Jumapili, na kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake kitu ambacho mwenzake anakijua. Nilikaa chini kwenye gunia nikalia. Wambui alimwangalia Maitu mdomoni, akaniangalia mimi mdomoni, akarudi kwa Maitu. Alikuwa anatafuta ni nani ameongea.

Nilipotulia nikamweleza habari ya Jumatatu. Alisema yeye ni mzee, hajui kusoma, na vidole vyake vimekauka kwa jembe, akauliza kama hao walimu watamkubali. Nikamwambia watamkubali.

Akaweka ungo chini. Akamfuta Wambui makamasi kwa pembe ya leso yake, polepole, akamshika mashavu kwa mikono miwili. Bila kunigeukia, akaniuliza mtu akitaka kusema samahani kwa hiyo lugha anafanyaje.

Sikujua. Jumatatu nitauliza.