Macho Yapo, Mwenyewe Hayupo

Jumatatu, 3 Machi

Leo vijana wa kutujaribia mchezo wetu wa kompyuta wamekuja. Wameiona sura ya mama, mhusika wetu mkuu — mwaka mzima wa jasho langu! — wakanywea. Mmoja kasema macho yapo, mwenyewe hayupo. Mwingine: kama maiti iliyopakwa poda. Nilitamani ardhi ipasuke. Ngozi ina vinyweleo, machozi yanang'aa, kila kitu kompyuta inakichora papo hapo mchezaji akigeuka. Na bado! Nilipokuwa nachora vikatuni hakuna aliyeogopa. Ukimkaribia binadamu sana ndipo anapotisha.

Bosi kasema wiki moja tu, la sivyo mama anafutwa. Namjua bosi. Hafuti sura peke yake.

Mke wangu kaniambia majibu ya kile kivimbe cha titi yanatoka Jumamosi. Nimemwambia tutaenda wote.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa taa za mchezo kanipasulia: mama yako ametulia kama picha ya kitambulisho. Tafuta mtu anayesema jambo zito, umnase uso bila yeye kujua. Haya, nimpate wapi? Nimeshinda nikikodolea watu macho. Mhasibu kaniuliza kama ana kitu puani. Ndicho kicheko changu pekee wiki hii.

Jumamosi, 8 Machi

Sikwenda. Bosi kaitisha kikao asubuhi, ningefanyaje? Mke wangu kaenda na dada yake. Nimerudi nikamkuta kalala, au kajilaza tu. Sikumwamsha.

Jumapili, 9 Machi

Nimempata!

Tulikuwa mezani jikoni, mwanga wa dirisha unampiga ubavuni. Kasema, mume wangu, nina neno. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, kama nasoma ujumbe. Programu yetu ya kunasa uso haichukui sauti, inachukua misuli tu. Vitone vya programu vikawa vinakimbia usoni mwake kwenye kioo cha simu. Kope la kushoto linatangulia la kulia — kidogo mno! Kidevu kinatetemeka kabla ya neno, si baada yake. Mwaka mzima nilikuwa nakosea hapo!

Kaniuliza, umenisikia? Nikasema nimekusikia. Sawa? Sawa. Akanishika mkono, wake wa baridi. Halafu nikakimbilia kompyuta.

Jumatatu, 10 Machi

Vijana wamerudi. Msichana mmoja kafuta machozi. Bosi kanikumbatia mbele ya ofisi nzima!

Sauti ya mwigizaji haijawekwa bado, kwa hiyo mama anachezesha midomo tu. Fundi wa taa kauliza, kwani anasema nini? Nikasema sijui. Tukacheka wote.

Cheko limeniishia nyumbani. Pembeni ya kitanda kuna begi dogo limefungwa. Majibu yalitoka Jumamosi, na mimi nimeshasema nimesikia. Nitaulizaje sasa? Nimeogopa, nikajilaza upande wangu. Mwanamume mzima.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji, dada yake, kanipigia nikiwa kazini. Uko wapi wewe? Alikuomba kitu kimoja tu, ukae naye kabla ya upasuaji. Ukasema sawa! Kaingizwa huku anaangalia mlango.

Kisha kakata simu. Nimekimbia. Nimechelewa.

Alhamisi, 13 Machi

Wamelitoa titi lote. Yuko macho. Nimemwambia ukweli: siku ile jikoni sikusikia hata neno, nilikuwa nanasa uso wako. Shemeji kasonya, akatoka. Mke wangu hakulia. Kaangalia dari, halafu kasema sogea, nitasema tena, mara moja tu.

Nikazima simu, nikasogea. Akaanza. Kasema mengi, kwa sauti ya chini. Kabla hajamaliza nesi kaingia kubadilisha bandeji, akanitoa.

Niko kwenye benchi la korido. Nimefungua daftari hili niandike maneno yake yasinipotee.

Kope la kushoto lilitangulia.

Kidevu, kabla ya neno.

Ee Mungu! Alisema nini? Nesi amefungua mlango, ananiita niingie. Anasema mama anasubiri jibu langu —