Dodoso Namba 47

Nyakato, Alhamisi

Na chuoni walituapia kabisa kwamba hakuna atakayejua nani kaandika nini.

Leo wahitimu tulijaza dodoso la kueleza tulivyosoma chuoni. Bila hilo hugongewi muhuri wa kumaliza. Moja ni mbaya kabisa, tano ni nzuri kabisa. Pale pa walimu nikazungushia moja, nikaeleza jinsi mhadhiri alivyopoteza maksi zangu nikarudia mwaka mzima, mimi niliyejisomesha kwa kukaanga na kuuza samaki, sato, mtaani Mwisenge.

Kisha nikasaini daftari la muhuri. Jina langu likaangukia mstari wa 47. Kwenye kona ya dodoso langu, 47. Aliyenitangulia, 46 kote kuwili. Namba hazinidanganyagi.

Matokeo yangu ya mwisho bado yako mezani kwa mhadhiri yule yule.

Nikamwomba mama wa masijala anirudishie dodoso.

"Umekosea, binti?"

"Nimekosea, mama."

Akacheka. "Mnakoseaga wale wale, wenye maelezo marefu." Akanirudishia la kwanza, akanipa na jipya, akaandika 47 juu kwa kalamu yake.

Nikazungushia tano mpaka chini. Maoni: hakuna. Muhuri ukagongwa.

Nyumbani nimemkuta mdogo wangu Nyangeta, aliyepata nafasi chuo hicho hicho. "Dada, walimu wa kwenu wakoje?"

Nikashindwa kudanganya mara mbili kwa siku moja. Nimempa lile dodoso la kwanza. Amelisoma lote, polepole, kisha akaniangalia.

"Sasa dada, hili mbona hukulipeleka?"