Jiwe la Chumvi la Baba

Oruro, 4 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi na mkweo Rufino hatujambo, ila hii mimba ya miezi mitatu inanitapisha hata nikinusa supu.

Kliniki wamenipima, wanasema madini joto yako chini sana mwilini, na mtoto anayahitaji ubongo wake ukue. Nesi anataka nitumie chumvi ya pakiti, iliyotiwa madini hayo. Nikamwambia jiwe langu la chumvi alinikatia marehemu baba kwa shoka lake, zawadi ya harusi. Akacheka: “Baba yako alikata chumvi, dada, hakukata dawa.” Nifanyeje, mama?

Binti yako,
Nieves

Colchani, 20 Juni

Mwanangu Nieves,

Marahaba. Mimi mzima, magoti ndiyo yana kiburi.

Huyo nesi akome! Sisi watu wa jangwa la chumvi tukanunue chumvi dukani? Majirani watatucheka mpaka wakose pumzi. Nyinyi watatu nimewazaa kwa chumvi hii hii. Jiwe la harusi hukwanguliwa mpaka liishe. Ukiliacha njiani umemkataa baba yako. Endelea kulila, mtoto aje na nguvu zake.

Mama yako

Colchani, 2 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Tumbo limefika wapi? Barua zangu mbili hujajibu, nimeanza kuota vibaya.

Jana akina mama tuliitwa shuleni. Daktari kaleta mashine ya kutia madini joto kwenye chumvi yetu. Akauliza nani amewahi kupoteza mimba. Nikatazama huku na huku: mikono karibu yote juu, na wangu pia. Wale wawili waliokutangulia nilisema Mungu kawapenda. Rovu la bibi yako, ule uvimbe wa shingoni, nalo tulisema ni la kubeba mizigo; kumbe ni kukosa madini hayo. Nieves, liache lile jiwe leo leo. Baba yako hakusema lolote. Mimi ndiye niliyemsemea. Nakutumia pakiti ya chumvi yetu mpya.

Mama yako

Oruro, 15 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Pakiti imefika.

Nilikutii. Kila siku nilikwangua lile jiwe. Mimba ilitoka Agosti. Alikuwa wa kike. Daktari alisema sababu huenda ni nyingi, jiwe hakulitaja, nami niliogopa kuuliza. Nilishindwa kukuandikia, maana kila nikianza barua inakuwa ya kukulaumu, na sitaki kukulaumu, mama. Inauma tu.

Limebaki kipande kama kiganja. Kukila siwezi, kukitupa siwezi. Njoo ukichukue. Njoo mwenyewe, unipikie supu ya nafaka yetu ya kinoa kwa hiyo chumvi ya pakiti. Tangu Agosti nakula bila chumvi.

Binti yako,
Nieves