Mkeka Mweusi wa Barazani

Bagamoyo, Jumapili. Mvua imekatika asubuhi, na jua limetoka na hasira zake.

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma wa mji huu na vitongoji vyake kwamba duka la Bi Zuhura, muuzaji wa buibui, udi, wanja na piko, limepata mkeka mpya wa barazani. Mkeka ni mweusi tii. Katika uzinduzi hapakuwa na mgeni rasmi ila paka.

Walioniuliza wa nini, na wameuliza wote, nimewajibu ni kwa ajili ya magoti yangu. Masikini magoti yangu, hakuna ambacho hayajasingiziwa.

Bi Tatu, aliyeushona, alikuwa na ukili mweusi aliouweka kwa kupambia mikeka mingine. Nilipomwambia nautaka mweusi wote, hata ua moja jekundu asitie, alinikazia macho. "Bi Zuhura, nani kafa?"

Hajafa mtu. Ni wageni wangu wa Jumapili tu.

Wanajiita magothi, neno la Kizungu la vijana wapenda nyeusi. Alianza kuja Rehema, binti wa mtaa wa pili anayesoma chuo Dar. Alitaka wanja. Nikampa mmoja, akataka sita. Jumapili iliyofuata akaja na wenzake watano kutoka Bunju na Tegeta: nguo nyeusi, pete za fedha, mabuti mazito kama ya askari, kwenye joto letu hili! Walikuwa wakikutana magofuni, mlinzi akadhani wamefuata majini. Wakahamia ufukweni, wanja ukawayeyukia mpaka shingoni. Kwangu wamekuta kivuli, harufu ya udi, na kila walichokuwa wakihangaika kukiagiza mtandaoni kimejaa rafuni tangu enzi za marehemu mama mkwe.

Kumbe miaka yote hii nimekuwa mtu wa kisasa, sikuambiwa tu.

Halafu watu wanawashangaa kwa nyeusi! Nusu ya wanawake wa mji huu tumevaa nyeusi tangu tuvunje ungo, na hakuna aliyewahi kutuita kikundi.

Wana adabu. Shikamoo yao huja kwa pamoja kama ya madrasa. (Mmoja aliniita bibi. Nimemsamehe, sijasahau.) Mabuti huyavua chini ya baraza, maana mkeka haukanyagwi na viatu, uwe gothi uwe shehe. Hapo ndipo utaziona soksi. Yule mrefu mwenye pete ya fuvu huvaa za bata wa njano. Basi huchorana piko, hubadilishana mashati, husikiliza nyimbo za huzuni huku wakicheka mpaka Bi Fatuma wa ng'ambo anakuja na bagia kuuliza kuna nini.

Siku moja nilimuuliza Rehema kwa nini wasikae kwenye mahoteli yenye viyoyozi. Akasema, "Mama, hapa hakuna anayetuuliza tuna tatizo gani."

Nilivimba kichwa wiki nzima.

Sasa, Jumapili iliyopita waliondoka mapema, na mtaa mzima nimewaambia kwamba majirani walilalamika. Mtaa wenyewe ndio hao majirani, kwa hiyo kila mmoja anamshuku mwenzake.

Ukweli ni huu. Hakulalamika mtu. Nilimwona shemeji yangu Salum, mdogo wa marehemu mume wangu, akija kutoka stendi na kanzu yake iliyopigwa pasi, moja kwa moja kutoka Pangani. Nikaona haya. Nikawaambia watoto wa watu duka linafungwa, waondoke. Rehema akauliza wamekosa nini. Nami nikasema, kwa sauti: "Kwani nyie mna tatizo gani?"

Yale yale maneno.

Wakachukua mabuti mikononi, wakaenda na soksi zao barabarani.

Shemeji akafika, akakaa, akanywa maji, akatazama huku na huku. "Shemeji, wako wapi wale watoto wenye mabuti? Huko Pangani tumesikia habari zao. Nimekuja kuwaona."

Usiku ule nilimwandikia Rehema ujumbe: mwanangu, nimekosa, rudini. Akausoma. Hakujibu. Jumatatu nikaenda kwa Bi Tatu.

Leo tangu saa saba nimekaa barazani nikijifanya nahesabu vichupa vya wanja. Saa tisa akatokea Rehema, peke yake, akasimama chini ya baraza na mabuti yake miguuni. Shikamoo akatoa, ya mtu mmoja. Nikaitikia marahaba. Akautazama mkeka.

"Mama, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nilikosa, mwanangu. Mbele yako nasema, na shemeji nimeshamwambia ukweli."

Akainama, akaanza kufungua kamba. Yale mabuti yana matundu kumi na mawili kila mguu, nimeyahesabu. Alipofika la tatu akapiga mluzi, na kule pembeni, nyuma ya ukuta wa Bi Fatuma, watano wakachungulia, kila mmoja na bagia mkononi.

Nikaingia ndani, nikisingizia natafuta udi. Udi ulikuwa mkononi.