Figo ya Nguruwe, Figo ya Shemeji

Jumapili, 17 Agosti 2025
Badru kalala tangu adhuhuri. Jana alisafishwa damu kwenye mashine, karudi hana sauti. Nusaiba kaota meno mawili — ananing'ata akinyonya! Nikamgeukia baba yake nimwonyeshe. Nikamwacha alale.
Jumatano shemeji Ismail anafanya kipimo cha mwisho. Figo yake inamfaa kaka yake. Yangu ilikataa, damu hazilingani. Mungu, Jumatano tu.

Jumanne, 19 Agosti
Ismail kaja na mama mkwe. Anacheka, simu mkononi. Shem, habari njema! Wazungu wanaotesha figo za watu ndani ya nguruwe. Braza avumilie kidogo tu.
Na kesho? nikamuuliza. Akainamia simu.
Mama mkwe ndiye aliyejibu. Penye dharura, mwanangu, Mungu anasamehe. Hata nguruwe.
Mama huyu huyu! Nilipoolewa, sufuria nilizotoka nazo Tukuyu alizisugua mara saba, moja kwa udongo, kwa kuwa kwetu tunakula kitimoto. Leo nguruwe kawa halali — ili kisu kisimguse kitinda mimba wake. Namwelewa, nami ni mama. Lakini Badru si alimzaa yeye?
Badru kasikia yote, yuko chumbani. Kaniambia, usimlazimishe mdogo wangu.

Jumatano, 20 Agosti
Ismail hakutokea hospitali. Simu imezimwa.
Nikamuuliza daktari habari za nguruwe. Ni kweli, kasema, wanajaribu huko nje. Na hapa kwetu? Kafunga faili. Kisha: dada, mgonjwa wako hawezi kuisubiri hiyo.
Usiku sikuongea na mtu. Ningemwambia nani?

Alhamisi, 21 Agosti
Niko Tegeta, kwa Ismail. Nyumbani nimeaga naenda sokoni. Tivii ilikuwa inaunguruma — nilipopiga hodi ikazimwa. Mkewe katoka, eti Ismail kasafiri. Viatu vyake hivi hapa mlangoni.
Nikasema kwa nguvu, asikie. Shem, mwili ni wako, sikuja kukukamata. Ukikataa, kataa kwa mdomo wako, mbele ya kaka yako. Usimtume nguruwe!
Mkewe kaniletea mkeka na maji, hanitazami usoni. Nimekaa kibarazani, Nusaiba kifuani. Siondoki.
Badru kapiga sasa hivi. Hakuuliza niko wapi. Hakuuliza ya sokoni. Kauliza taratibu: amesemaje?
Simu iko sikioni bado. Mlango haujafunguliwa tena.