Shimo Kabla ya Mche

Mjukuu wangu Atupele,

Ugonile. Sisi huku Kyimo tunaamka salama na mvua haijatuacha. Mjomba wako amenunua redio mpya, maana siku hizi maduka ya Tukuyu yana kila kitu. Nilisoma barua yako redio hiyo ikiimba, nikaelewa kidogo: darubini yenu nayo ni redio, ila imerushwa angani isikilize nyota, na wanaoomba saa za kuitumia ni wengi. Unauliza kwa nini wanaozigawa wakupe wewe, mwanafunzi tu.

Nilipokuwa nimeolewa karibuni, mzee mmoja wa Masukulu alikuwa na migomba yenye mikungu mikubwa ajabu. Kila mtu alimwomba mche. Mimi nilianza kwa kuchimba shimo, nikatia samadi. Wenzangu wakanicheka: "Sasa unafuga shimo?"

Nilipofika, mzee hakuuliza mimi ni wa nani. Aliuliza, "Utaupanda wapi?" Wenzangu walikuwa wamemjibu kwamba watatafuta mahali. Mimi nilimweleza shimo langu lilipo, na kwa nini nilikwepa pale maji yanapotuama. Akainuka, akachukua jembe.

Basi waambie ni nyota ipi unayoitaka, na umeshachimba nini ukiwa huko chini. Huenda wakakunyima; hata mzee yule miche haikumtosha.

Nyuma ya jiko nimechimba shimo jingine, samadi imo. Wakupe wasikupe, mgomba wake utaupanda wewe.

Bibi yako,
Tumpe