Boti ya kulala Ubwari

Georgette mwanangu,

Mboga yetu ya sombe iko ku moto wa makala, uongeze mafuta ya mawese. Mi nimeshuka ku ziwa kuchagua boti ya matembezi yetu ya kwenda Ubwari, ile ya kulala ndani. Ile boti nyeupe ulinionyesha mu telefone, hapana. Jana niliuliza kapiteni wake kama bibi yake analala humo, akacheka tu. Ya kapiteni mwingine, Léonidas, bibi yake na batoto banalala humo kila juma. Nachukua hiyo.

Asubuhi ulisema, "Papa, umezunguka maisha yote, safari hii moja ubaki ulinde nyumba." Neno hilo liliniuma.

~~Nitaandikisha watu batatu, wewe na batoto bako babili, mi nibaki nyumbani na mbuzi zetu.~~ Nitaandikisha banne, na mi ndani. Safari zangu zote nilikuwa nakuacha ku mulango. Hii moja sitaki tuachane.

Papa yako